Kebo ya chuma ni kebo gani?

Katika hati za kuagizia vifaa vya ujenzi wa shule, zahanati na ofisi za kata kuna mstari mmoja unaoandikwa kwa mazoea tu: kebo ya chuma, mita kadhaa. Mwandishi wa hati huandika hivyo, mkuu wa shule hutia sahihi, mhasibu hulipa, na mwenye duka hutoa alicho nacho. Hakuna aliyedanganya wala aliyeiba. Lakini hakuna hata mmoja kati ya hao wanne aliyesema ni kitu gani hasa kilichotakiwa, kwa maana dukani hakuna kitu kiitwacho kebo ya chuma basi. Zipo kebo zilizovikwa nyaya za chuma, zipo zilizozungushiwa utepe wa chuma, zipo zenye alumini, zipo zenye ala ya shaba, na kila moja ilibuniwa kwa kazi yake.

Jambo hili lingeweza kuachiwa mafundi laiti mafundi wangekuwa ndio wanunuzi. Sivyo mambo yalivyo. Tangu majengo mengi ya umma yalipoanza kusimamiwa na kamati za shule na za vijiji zenyewe, kwa kutumia mafundi wa mahali hapo badala ya makandarasi wakubwa, walimu na watumishi wa serikali ndio waliotwishwa mzigo wa kuagiza na kupokea. Mwalimu wa historia hujikuta ni mjumbe wa kamati ya mapokezi, amesimama mbele ya gurudumu la kebo nyeusi, akitakiwa kuthibitisha kuwa kilicholetwa ndicho kilichoagizwa. Ataipima urefu, ataitazama rangi, atatia sahihi. Siku mkaguzi atakapofika, au siku mtoto atakapopigwa na umeme bombani, sahihi hiyo ndiyo itakayosomwa.

Mahali pazuri pa kulielewa jambo hili ni Themi, mjini Arusha. Mto Themi hushuka kutoka miteremko ya Mlima Meru na kupita mjini, na jina lake limepewa kata pamoja na eneo la viwanda. Katika eneo hilo ndimo kilimo kiwanda cha Tanelec, kilichoasisiwa mwaka 1981, ambacho hutengeneza transfoma. Na kama itakavyoonekana, anayeielewa transfoma ameshaielewa nusu ya habari ya kebo. Udongo wa Arusha nao una somo lake. Ni udongo wa volkeno, wenye rutuba kwa migomba na kahawa, lakini una mawe, na mji umeendelea kuchimbwa mitaro kwa miaka mingi: ya maji safi, ya majitaka, ya barabara, ya mawasiliano. Kebo iliyofukiwa katika udongo wa namna hiyo haina budi kutarajia sururu.

Ukiikata kebo ya kawaida ya kufukiwa ardhini na kuitazama kwa upande, utaona tabaka zake kama za kitunguu. Katikati zimo nyaya za shaba au alumini zinazobeba umeme, kila mmoja umevikwa plastiki isiyopitisha umeme. Juu yake kuna gamba laini la plastiki linalozifunga pamoja. Juu ya gamba hilo ndipo penye metali, ambayo Kiswahili kina neno lake la zamani na zuri: deraya, vazi la chuma la askari. Juu ya deraya kuna koti la mwisho la plastiki, mara nyingi jeusi, linalozuia maji na kutu.

Wengi hudhani deraya imewekwa ili sururu isipenye. Hiyo ni nusu ya ukweli. Kwa kebo ndogo, sururu iliyoshushwa kwa nguvu na kijana mwenye afya hupenya, na mtambo wa kuchimbia barabara hauulizi. Faida kubwa ya deraya ni kwamba chuma cha sururu hakiwezi kuufikia waya wenye umeme bila kwanza kuigusa deraya. Ikiwa deraya imeunganishwa na ardhi ipasavyo, umeme utarukia kwenye deraya, mkondo mkubwa utapita, fyuzi au swichi ya kinga itakata, na mchimbaji atabaki na hofu tu. Deraya isiyounganishwa na ardhi haimpi mchimbaji ulinzi huo. Kwake yeye ni uzito ulioongezwa kwenye kebo, na pesa zilizoongezwa kwenye hati ya malipo.

Kutokana na hilo, deraya katika ufundi wa umeme uliorithiwa nchini kutoka Uingereza imepewa kazi ya pili: kuwa ndiyo waya wa ardhi wenyewe. Hapa ndipo hesabu inapoanza kuwa na maana. Chuma hupitisha umeme, lakini ukinzani wake ni kama mara 8 ya ule wa shaba. Kwa hiyo deraya ya chuma yenye jumla ya milimita za mraba 48 hufanya kazi ya waya wa shaba wa milimita za mraba 6 hivi. Kwa kebo ndogo huo ni uwezo wa kutosha. Lakini kadiri kebo inavyokuwa nene, nyaya zake za ndani huongezeka ukubwa kwa kasi kuliko deraya, na hufika mahali ambapo deraya peke yake haitoshi. Hapo ni lazima ulazwe waya mwingine wa ardhi pembeni, au inunuliwe kebo yenye waya huo ndani. Kamati inayoagiza kebo kubwa kwa ajili ya mashine ya kusaga au karakana haina budi kumuuliza fundi swali hilo kabla ya kununua. Baada ya kufukia hakuna anayependa kuulizwa.

Kazi hiyo ya pili inategemea kitu kidogo ambacho mara nyingi husahauliwa katika hati: glandi. Glandi ni kifungio cha metali kinachoibana deraya pale kebo inapoingia kwenye kisanduku cha swichi. Nyaya zote za deraya hutandazwa kuzunguka koni ya glandi na kubanwa sawasawa, kisha glandi huunganishwa na kituo cha ardhi. Anayenunua kebo ya deraya bila glandi zake, na zenye ukubwa wake, amenunua shati bila vifungo. Fundi aliyeachiwa kazi hiyo atakata deraya nyuma, atafunga utepe wa plastiki, ataingiza nyaya kisandukuni, na taa zitawaka.

Na kuwaka huko kwa taa ndiko kunakodanganya. Umeme hauhitaji deraya ili taa iwake wala pampu izunguke. Koti la nje likichanwa na jiwe wakati wa kufukia, maji ya masika yataingia, zinki iliyopakwa juu ya chuma italiwa, kisha chuma chenyewe kitaanza kutu. Baada ya miaka deraya inaweza kukatika kabisa na hakuna mtu darasani atakayejua.

Chukua mfano wa shule yenye pampu ya kisima mita 60 kutoka ofisi ya mkuu wa shule. Siku waya wa ndani utakapogusa gamba la pampu, gamba hilo litakuwa na umeme wa volti 230. Kama deraya ni nzima na imeunganishwa, umeme huo utapata njia ya kurudi. Mahali pengi shule hutegemea nguzo yake yenyewe ya shaba iliyopigigwa ardhini, na ikiwa ukinzani wa nguzo hiyo ni omu 20, mkondo utakaopita ni ampea 11.5 tu, ambao hauwezi kukata fyuzi ya ampea 30. Kwa sababu hiyo ni lazima pawepo swichi inayokata umeme mara tu unapovuja. Lakini swichi hiyo nayo hungoja umeme uvuje. Deraya ikiwa imekatika, hakuna njia ya kuvujia, na swichi haitaona kitu chochote hadi mtoto mwenye miguu mitupu atakapoligusa bomba. Yeye ndiye atakayekuwa waya wa ardhi.

Tofauti ya pili inahusu aina ya metali, na hapa mwalimu wa fizikia hana sababu ya kukaa kimya katika kikao cha kamati. Kebo nyingi za deraya zina nyaya tatu au nne ndani, yaani fezi tatu na waya wa kurudishia. Mikondo inayokwenda na inayorudi hufutana, hivyo nje ya kundi hilo usumaku unaobaki ni mdogo sana, na deraya ya chuma haisumbuliwi. Lakini panapohitajika mkondo mkubwa, kama kutoka kwenye transfoma hadi swichi kuu ya kiwanda, hutumika kebo zenye waya mmoja mmoja. Kila fezi ina kebo yake. Sasa hebu fikiri: waya mmoja wenye mkondo unaobadili mwelekeo mara 100 kwa sekunde, umezungukwa pande zote na chuma. Hiyo si kebo tena. Ni nusu ya transfoma.

Kule Tanelec chuma huwekwa kati ya koili za transfoma kwa makusudi, ili kiukusanye usumaku; na hukatwa mabamba membamba yaliyotengwa ili mikondo ya kuzunguka ndani ya chuma isilete joto jingi. Katika deraya ya kebo ya waya mmoja usumaku huohuo huja bila kualikwa, na joto lake huchoma plastiki na kula umeme uliolipiwa. Ndiyo maana kebo ya waya mmoja hupewa deraya ya alumini, ambayo haishiki usumaku. Hata bamba la chuma la kisanduku cha swichi lina hatari hiyo: kebo za fezi tofauti zikipitishwa kila moja katika tundu lake, bamba hupata moto. Mafundi wazoefu huweka bamba la alumini au la shaba mahali hapo. Mwanafunzi wa kidato cha nne aliyefundishwa vizuri somo la sumaku-umeme angeweza kuyaeleza yote haya ubaoni. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba somo lile na gurudumu lile lililo stoo ni kitu kimoja.

Alumini nayo ina udhaifu wake. Koti la nje likipasuka na unyevu wa udongo ukaifikia, huliwa haraka. Kwa hiyo asitokee mtendaji atakayesoma habari hii na kuamua kwamba kuanzia sasa ataagiza alumini kila mahali.

Ipo pia tofauti kati ya deraya ya nyaya na deraya ya utepe. Utepe wa chuma uliozungushwa mara mbili hustahimili kugandamizwa, na hutosha kwa kebo iliyolala tambarare chini ya udongo. Lakini utepe hauwezi kuvutwa, ukivutwa hufunguka. Nyaya zilizolazwa kwa urefu wa kebo ndizo zinazobeba mvuto. Katika mji uliojengwa miteremkoni kama Arusha, ambako kebo hushuka kilima au kupanda ukuta wa jengo la ghorofa kadhaa, utepe haufai. Hilo ni fupi na halihitaji maneno zaidi.

Linalohitaji maneno ni tabia mpya ya kuagiza vifaa kwa kutazama katalogi za nchi nyingine. Marekani ina utaratibu wake. Huko kuna kebo ambayo nyaya zake huvikwa mkanda wa chuma au alumini uliosokotwa, unaopindika kama nyoka, na hupitishwa ndani ya kuta za nyumba na majengo. Aina moja hutumia mkanda wenyewe kuwa njia ya ardhi, ikisaidiwa na utepe mwembamba wa alumini unaolala chini yake kwa urefu wote. Aina ya pili, katika umbo lake la kawaida, ina waya wa ardhi wa rangi ya kijani ndani, na mkanda wake hulinda tu. Kwa macho ya mgeni aina hizo mbili ni pacha. Wamarekani wenyewe walijifunza kwa gharama: kebo zao za mwanzo za namna hiyo hazikuwa na utepe wa alumini, na mkanda uliosokotwa ni njia ndefu inayozunguka na yenye ukinzani mwingi, hivyo hitilafu ilipotokea mkanda uliweza kuwa mwekundu kwa moto kabla fyuzi haijakatika.

Kebo hizo za kawaida si za kufukiwa katika udongo wa Themi. Zilibuniwa kwa nyumba ambazo kuta zake nyingi ni fremu za mbao, zenye misumari na panya, na kwa umeme wa volti 120. Nyumba za hapa ni za tofali, umeme ni volti 230, na bomba la plastiki ndani ya ukuta hufanya kazi hiyo kwa bei nafuu. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Aidha, yapo madukani mabomba laini ya chuma yaliyosokotwa, ambayo ni ala tupu ya kupitishia nyaya za mashine. Hayo nayo huuzwa kwa jina lilelile la kebo ya chuma mara tu yanapoingizwa nyaya, ingawa hayana koti la kuzuia maji wala hayakukusudiwa kwenda ardhini.

Kuna kebo moja ambayo kwa hakika inastahili heshima, nayo ni ile yenye ala ya shaba. Ndani ya bomba jembamba la shaba zimo nyaya za shaba, na kati yao hakuna plastiki hata kidogo, bali unga mweupe wa oksidi ya magnesiamu ulioshindiliwa hadi ukawa kama jiwe. Hakuna kinachoungua. Shaba huyeyuka karibu na nyuzi 1,085 za Selsiasi na unga ule hauyeyuki hadi karibu nyuzi 2,800. Ilibuniwa na Mswisi aitwaye Borel mwaka 1896, ikaanza kutengenezwa viwandani katika miaka ya 1930. Hufaa kwa kengele za moto, taa za njia za kutokea na vyumba vya tanuri, yaani pale umeme unapotakiwa uendelee kupita wakati jengo linawaka. Lakini unga wake hunywa unyevu wa hewa. Ncha isiyozibwa vizuri siku hiyohiyo huharibika, na kuiziba kunahitaji mkono uliofundishwa. Kumkabidhi kebo hiyo fundi ambaye hajawahi kuishika ni kuitupa.

Mwisho kuna ubadhirifu wa upande wa pili, ambao haukemewi kwa sababu unafanana na uangalifu. Ni ule wa kuvika deraya kila mahali. Nyaya za taa za darasa zinazopita darini ndani ya bomba la plastiki hazihitaji deraya. Kebo ya deraya ni nzito, ni ghali, hupinda kwa shida, na kila mwisho wake unadai glandi. Fedha zilizotumika kuipitisha darini zingenunua swichi ya kukata umeme unapovuja kwa kila jengo la shule, na swichi hiyo ingeokoa watu wengi zaidi kuliko chuma kilichofichwa juu ya mbao za dari.

Wapo watakaosema kwamba fundi anajua, na mwalimu aachwe afundishe. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama fundi angekuwapo siku ya kuagiza. Mara nyingi vifaa hununuliwa kwanza, kwa sababu mwaka wa fedha unakaribia kufungwa, na fundi huitwa baadaye kufanya kazi na kilichopo. Fundi mwenye leseni ya EWURA atakikataa kifaa kisichofaa. Asiye na leseni atakifunga, kwa kuwa akikataa ataitwa mwenye maringo na kazi atapewa mwingine. Utaratibu wa busara ni kumwita fundi mwenye leseni kabla ya hati kuandikwa, na jina lake liwemo katika hati hiyo pamoja na sahihi ya mkuu wa shule. Arusha kuna Chuo cha Ufundi kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa msaada wa Ujerumani ya Magharibi, na hapana shaka kwamba mji wenye chuo cha namna hiyo haupungukiwi watu wa kushauri.

Kwa upande wa mapokezi, kebo yenyewe husema. Juu ya koti la kebo halali yamepigwa chapa maneno na tarakimu kwa urefu wote, na anayejua kuzisoma hahitaji kuipasua. Herufi husomwa kutoka moyoni kwenda nje. CU ni shaba, AL ni alumini. XLPE ni plastiki inayostahimili nyuzi 90, PVC ni ile ya nyuzi 70. SWA ni deraya ya nyaya za chuma, AWA ni deraya ya nyaya za alumini, STA ni utepe wa chuma. PVC ya mwisho ni koti. Tarakimu 4 x 16 maana yake ni nyaya nne, kila mmoja wa milimita za mraba 16. Na 600/1000 ni volti ambazo kebo iliundwa kuzihimili. Hufuata namba ya kiwango, kwa mfano IEC 60502-1 au BS 5467, na jina la mtengenezaji. Kebo isiyo na maandishi hayo, hata ikiwa nyeusi na nzito kiasi gani, irudishwe ilikotoka, na Shirika la Viwango liarifiwe.

Mstari wa hati basi ungesomeka hivi: kebo ya kufukiwa ardhini, nyaya nne za shaba za milimita za mraba 16, deraya ya nyaya za chuma, volti 600/1000, mita 60, pamoja na glandi mbili za ukubwa wake, mchanga wa kutandikia na utepe wa tahadhari wa kulazwa juu yake. Na kabla gurudumu halijafukiwa, kamati ikate kipande cha urefu wa shubiri moja, ikifunge karatasi yenye tarehe, namba ya hati na ramani ya mtaro, na kukiweka katika kabati la mkuu wa shule, kwa ajili ya mkuu wa shule atakayefuata na mtu atakayekuja kuchimba mtaro wa maji.